Jirani wa Watoto Wake Mwenyewe

Msusi huyu watu walimwita Vidole. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, ila ukienda kuliulizia pale mtaani utazungushwa mpaka uchoke, maana hakuna anayelijua. Aliitwa Vidole kwa sababu akishakaa nyuma ya kichwa cha mtu, vidole vyake huvioni. Unaona nywele zinajisuka, na mwenyewe anapiga soga kama kazi hiyo haimhusu. Pale saluni wasusi wengine walikuwa wakikaa wanapepea nzi huku wateja wamepanga foleni kwake, na hata hawakumchukia, kwa sababu mdomo wake ulikuwa mtamu kuliko mkono.

Alikuwa na watoto wawili. Baba yao alikwenda kutafuta maisha, akayapata, akabaki nayo huko huko, kwa hiyo tusimsumbue. Mkubwa ni binti wa miaka minane, wote tulimwita Meneja. Huyo angekuuliza umekula nini, umelipa kiasi gani, na kwa nini umekubali kulipa. Ukimuuliza yeye swali, jibu linakuja kabla hujafika mwisho wa sentensi. Mdogo ni wa kiume, Kitinda, mtoto wa miaka mitano mwenye mikono isiyokaa mahali.

Mikono hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Jumamosi hakuna shule, na Jumamosi ndiyo siku ya msusi kula. Zamani Vidole alikuwa anakwenda nao saluni, wanakaa kwenye kona na wanasesere wao wa matambara. Jumamosi moja mteja mmoja, mke wa mtu mzito, akasinzia kwenye kiti huku nusu ya kichwa imeshasukwa. Kitinda akachukua mkasi, akamkata msuko mmoja, akamletea mama yake. Akasema ulikuwa unaning'inia.

Mwenye saluni ni mwanamke mpole, lakini siku hiyo upole wake aliuweka kabatini. Baada ya mteja kuondoka na kilemba kichwani na hela zake mkononi, alimwita Vidole nyuma ya pazia.

"Mdogo wangu, nakupenda, unajua. Lakini chagua. Kiti hiki au hawa."

Achague nini hapo? Kuwafungia watoto ndani alishajaribu mara moja, akarudi akakuta wamewasha jiko. Majirani wake wote nao Jumamosi wako kwenye mahangaiko yao. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Ndipo akakumbuka lile jengo la maktaba ya umma, ambalo alikuwa analipita kila siku bila hata kugeuza shingo. Lina feni, lina maji ya kunywa, lina mlinzi getini, na kuna chumba kizima cha watoto chenye zulia na viti vidogo. Na kuingia ni bure. Akajiuliza alikuwa anaishi wapi siku zote hizo.

Mlinzi alimpa habari nusu tamu nusu chungu. "Watoto karibu sana. Ila walio chini ya miaka kumi, lazima mtu wao mzima awe ndani ya jengo. Si lazima akae nao. Anaweza kukaa kule kwa wakubwa akasoma gazeti lake, basi."

Vidole alishukuru, akawachukua watoto wake mpaka kwenye kona ya ukuta, akachuchumaa mbele ya Meneja. Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalizaliwa pale ukutani.

"Ukiulizwa mama yako yuko wapi, usibabaike. Chungulia upande wa wakubwa, chagua mwanamke mmoja aliyevaa vizuri, uwaonyeshe. Halafu rudi kwenye kitabu chako."

"Yeyote?"

"Yeyote. Ila asiwe kijana sana, watashtuka."

"Na wewe ukija kutuchukua?"

"Siingii. Nitasimama getini, mkiniona mnatoka."

"Na wakikuona?"

Vidole alifikiri kidogo. "Wakiniona, mimi ni jirani. Na hata wakutishe vipi, Meneja, maneno usibadilishe. Ukibadilisha tu, tumekwisha. Umenielewa?"

Meneja alikuwa ameelewa tangu sentensi ya kwanza.

Wewe usinitolee macho. Vidole hakuwa mtu mbaya, na alijua kabisa kuwa anachofanya si kizuri. Jumamosi ile ya kwanza mawazo yalikuwa maktaba mpaka akamvuta mteja nywele, jambo ambalo halijawahi kutokea. Aliona aibu hasa. Lakini aibu ni kama kiatu kipya, kinakubana siku za mwanzo, halafu unasahau kuwa umekivaa.

Ndani ya maktaba mambo yalikwenda kwa ulaini wa ajabu. Mkutubi wa chumba cha watoto alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, msimamo wa chuma. Aliwauliza siku ile ile mama yao yuko wapi. Meneja akachungulia kwenye ukumbi wa wakubwa, akapitisha macho kwenye viti vyote kama mtu anayechagua nyanya, akamwonyesha mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha na gauni lake la pasi, kafunikwa na gazeti.

Mama huyo alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuja pale kila Jumamosi kusoma magazeti ya wiki nzima kwa mkupuo. Miwani yake ilikuwa ya kusomea tu, cha mbali alikuwa anaona vivuli. Mkutubi alipomnyooshea mkono kutoka mlangoni, yeye aliona kivuli kinapunga, na kwa kuwa alilelewa akaleleka, naye akapunga, akaongeza na kuitikia kwa kichwa. Kwisha. Maktaba ikaridhika kwamba watoto wana mama.

Basi ikawa kila Jumamosi mkutubi anapunga, mwalimu mstaafu anapunga, na watoto wako kwenye zulia. Mkutubi akafika mahali akawasifia. "Mama yenu anapenda kusoma."

"Sana," Meneja akajibu. "Hata nyumbani hatuwezi kumsemesha."

Habari hizo Meneja alikuwa anamletea mama yake jioni, na Vidole alicheka mpaka akashika mbavu. Akazipeleka saluni, akaziigiza, mkono wa mkutubi na kichwa cha mwalimu, wateja wakacheka mpaka rasta za kusukia walizoshika zikawatoka mikononi. "Mwanangu ana akili huyo," akasema. "Huyo hata mahakamani hawamwezi." Alisema kwa fahari kabisa, kichwa juu, na hakuna aliyemwambia neno.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Vidole ilikuwa ndefu kidogo, lakini nayo ilifika mwisho.

Jumamosi moja Kitinda alitaka kitabu cha malori kilichokuwa juu ya rafu. Meneja alimwambia angoje. Kitinda na kungoja wapi na wapi. Alipanda kiti, akapanda rafu ya kwanza, akapanda ya pili, na alipokishika kitabu akashuka nacho kwa njia ya mkato. Alijigonga mdomo kwenye ukingo wa meza. Damu ikamwagika kwenye zulia, kwenye shati, kwenye malori. Mkutubi alimbeba mbio mpaka dirishani kwa mwalimu mstaafu.

"Mama, mtoto wako ameanguka."

Mwalimu alishusha gazeti. Alimtazama Kitinda kwa karibu, na kwa karibu alikuwa anaona vizuri sana. "Mtoto wangu? Binti yangu, mtoto wangu wa mwisho ana ndevu."

Ukumbi mzima ukageuka. Mkutubi akabaki amesimama na mtoto mkononi, na wanaosema kuona haya ni kwa mwenye kosa tu hawakumwona mkutubi dakika ile. Kwa miezi kadhaa alikuwa anapungiana mikono na mtu asiye na habari. Alimwita Meneja, akamuuliza tena mama yake ni nani. Meneja akanyoosha kidole pale pale kwa mwalimu, macho makavu. Akaulizwa kwa upole, akaulizwa kwa ukali, hakubadilisha.

Vidole alifika getini jioni kama kawaida yake, mikono inanukia mafuta ya nywele, kipande cha rasta kimenasa kwenye sketi. Watoto hawakutoka. Alichungulia, akarudi, akachungulia tena.

"Dada, unangoja nani?" mlinzi wa jioni, ambaye si yule wa siku ya kwanza, akauliza.

"Watoto wa jirani."

"Wale wawili? Ingia ndani. Mmoja kaumia."

Miguu ilimwingiza yenyewe. Aliwakuta kwenye dawati la mbele. Kitinda amekalishwa juu ya dawati na pamba mdomoni, shati limejaa damu. Meneja amesimama pembeni, mkono kwenye goti la mdogo wake. Mkutubi yupo, mwalimu mstaafu yupo, na wasomaji kadhaa ambao siku hiyo magazeti yaliwashinda kusoma.

"Wewe ndiye mama yao?" mkutubi akauliza.

Jibu la swali hilo hata mjinga analo. Lakini Vidole aliona yale macho yote, akaona damu kwenye zulia la watu, akaona kiti chake saluni kinakaliwa na msusi mwingine. Mdomo ukajibu kabla moyo haujafika.

"Hapana. Mimi ni jirani. Mama yao kanituma niwachukue."

Kitinda alipoisikia sauti hiyo alitema pamba, akanyoosha mikono. "Mama."

"Nyamaza," Meneja akamwambia, akamshusha mikono taratibu na kumrudishia pamba mdomoni. "Huyu ni jirani."

Kama kuna mtu amewahi kuomba ardhi ipasuke, ni Vidole saa ile. Ardhi haikupasuka. Badala yake mkutubi alivuta pumzi, na yote aliyokuwa ameyahifadhi tangu mchana akayatoa, kwa sauti yake ile ile ya chini.

"Basi, jirani, maadamu wewe umekuja na yeye hakuja, nifikishie ujumbe. Mwambie hapa si stoo ya kuwekea watoto. Nina chumba kimejaa watoto wa watu na macho ni haya mawili. Mwambie mwanawe alipokuwa anavuja damu nilimtafuta mama wa kumshika, nikakosa."

"Nitamwambia."

"Mwambie angekuja akaniambia shida yake, mimi ni mtu, ningemsikiliza. Hakuja. Akaona afadhali amtume mtoto wa miaka minane aje anidanganye."

"Nitamwambia."

"Na huyu binti anadanganya vizuri kuliko mtu mzima. Hilo halikuota lenyewe. Kuna mtu alikaa chini akamfundisha. Huyo mtu, mwambie, siku moja na yeye atadanganywa, tena kwa ufundi huo huo."

 Vidole aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anasemwa yeye, mbele ya watu, na hakuwa na haki hata ya kulia, kwa sababu jirani analia nini?

"Sasa," mkutubi akasema, "watoto siwezi kukupa. Mtoto akiumia namkabidhi mzazi wake. Kamwite. Asipokuja kabla hatujafunga, nampigia afisa wa ustawi wa jamii aje awachukue mpaka mama apatikane."

Na hapo, Mungu amsamehe, Vidole bado alipiga hesabu. Aliwaza kutoka nje, kukimbia saluni, kumwomba mwenzake mmoja aje kujifanya mama. Aliwaza hata nani amevaa vizuri leo. Aliwaza yote hayo akiwa ameshageuka, amepiga hatua kuelekea mlangoni, na watoto wake yuko tayari kuwaacha nyuma. Kitinda akaanza kulia. Hakulia kwa kelele, ile kwikwi ya mtoto aliyekatazwa kulia. Vidole akasimama.

"Ni mimi," akasema, bado ameupa mlango uso.

"Wewe nini?"

Akageuka. "Mama yao ni mimi. Hakuna jirani."

Mkutubi alimtazama juu mpaka chini. "Sasa hivi umesema wewe ni jirani."

"Nilidanganya."

"Na nitajuaje kama hudanganyi sasa?" Akamgeukia Meneja. "Mwanangu, huyu ni mama yako?"

"Hapana," Meneja akasema. "Ni jirani yetu."

Hakupepesa hata jicho. Vidole alimwita kwa jina lake hasa, lile la nyumbani, ambalo halikuwahi kutajwa mbele ya watu. Akamwambia amwambie mkutubi ukweli. Meneja akakaza mdomo. Aliona mama yake ametishwa, ameanza kubabaika, na yeye alishaambiwa wakikutisha usibadilishe. Mmoja wao akibadilisha, wamekwisha. Kwa hiyo akashika zamu.

"Mama yetu anasoma magazeti," akasema. "Huyu anatusaidia tu."

Watu wengine wangecheka. Hakucheka mtu.

Mficha uchi hazai, na Vidole ilibidi auanike wote pale pale. Alichuchumaa mbele ya mwanawe, kama alivyochuchumaa ukutani siku ile, na akaongea kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, kwa sababu kunong'ona kungemfanya mtoto adhani ni mafunzo mengine.

"Mimi ndiye niliyekufundisha. Nilikuweka kwenye kona pale nje, nikakwambia uchague mwanamke yeyote aliyevaa vizuri, useme ni mama yako. Nikakwambia mimi ni jirani. Yote hayo yalikuwa mabaya. Haikuwa akili, ulikuwa uongo wangu, nikautia mdomoni mwako. Mwambie mama huyu mimi ni nani."

Meneja alimtazama, akamtazama mkutubi, akamtazama mwalimu mstaafu ambaye siku zote alikuwa mama mzuri, mtulivu, asiyewafokea. Kidevu kikaanza kumtetemeka.

"Ni mama," akasema.

Mwalimu mstaafu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Kumbe niliokotwa kwa ajili ya nguo," akasema. Halafu akaona hilo halitoshi, akaongeza, "Nilisomesha watoto wa watu maisha yangu yote. Wangu mwenyewe aliniambia siku moja kwamba hakunijua, nilikuwa mama wa wengine. Mpokee mwanao, mama. Anachoka kukaa hapo juu."

Vidole akampokea Kitinda, damu na machozi vikamwishia shingoni. Alimngoja mkutubi aseme. Angefokewa angefarijika, fokeo unaweza kulijibu au kulilia. Mkutubi hakufoka. Yote alikuwa ameshayasema.

"Ule ujumbe umeusikia," akasema tu.

"Nimeusikia."

"Watoto sijawafukuza. Hawana kosa. Waje Jumamosi ijayo, lakini waje na wewe, na ukae ndani. Kiti kipo." Akakionyesha kwa mkono. Akainama kutafuta maji na kitambaa cha kusafishia zulia, na Vidole aliposema atasafisha yeye, akakataliwa kwa adabu. Hilo lilimuuma kuliko ujumbe wote.

Njiani alitembea na Kitinda mgongoni. Jumamosi ijayo akikaa kwenye kiti cha maktaba, kile cha saluni amekipoteza, na alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini sicho kilichokuwa kinamkaba. Meneja, ambaye kila siku hutembea mbele akipanga foleni za dunia, alikuwa anaburuta miguu nyuma yake.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Nilikosea wapi?"

Vidole alifungua mdomo. Huu ndio mdomo ambao ungeweza kumsemesha jiwe. "Hukukosea popote," akasema. "Ulifanya vile vile nilivyokutuma." Na aliposikia alichokisema, akatamani angesema kitu kingine chochote.

Walipita dukani kununua chumvi ya Kitinda kusukutulia mdomo. Muuza duka ni mtu wa utani, Meneja ni rafiki yake wa siku nyingi, wanabishana bei ya pipi kama mahasimu. Aliona shati la mtoto, akaegemea kaunta.

"Haya, Meneja, mmetoka wapi leo? Nani kampiga mdogo wako?"

Alingoja jibu lije mbio kama kawaida. Halikuja. Meneja alinyanyua kichwa, akamtazama mama yake usoni kwanza, aone jibu la leo ni lipi.